Mtani wa Marehemu Waziri wa Utulivu

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kamati ya kulirudisha jina la zamani bado inakutana, na mpaka imalize, anayelitaja jina la sasa ni mhaini, na anayelitaja la zamani anaitangulia kamati, kosa ambalo nalo lina kifungo chake. Basi tuiite nchi yetu. Msomaji atakayeitambua aitambue kimyakimya.

Mimi ni mpiga makofi wa serikali. Kazi hiyo ipo, ina sare na ina likizo. Wakati wa Mapinduzi tulipiga makofi ya kimapinduzi, yaani mkono mmoja umekunja ngumi, jambo gumu kuliko watu wanavyodhani. Ulipokuja Urejesho nilidhani nami nitafagiliwa, lakini wakubwa waliona kwamba serikali inaweza kuishi bila mahakama, bila shule, hata bila chumvi, ila bila makofi haifiki Ijumaa. Nikapewa sare mpya na kiti nyuma kidogo ya viti vyao. Ndiyo maana haya ninayoyasimulia niliyaona kwa karibu.

Mapinduzi yenyewe hayakuwa na adabu. Walibadilisha majina ya miezi, wakafuta shikamoo, wakaamuru kila mtu aitwe ndugu, hata mkwe. Utani nao wakaupiga marufuku, ule wa ukoo kwa ukoo ambao mababu waliutumia kutukanana bila kukasirikiana, wakisema ni kicheko cha kikabaila. Mtaani kwetu mkuu wa shughuli hizo alikuwa ndugu Siwatu Msonge, mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora. Alimtoza shangazi yake mwenyewe jogoo kwa kosa la kumwamkia jirani kizamani, na jogoo akaliwa na kamati. Hatukumpenda sana siku zile, na yeye hakuomba kupendwa.

Baadaye wanamapinduzi walianza kushitakiana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akimwona mwenzake hajapinduka vya kutosha. Walipokwisha kupungua, majeshi ya nchi jirani yakaingia kutusaidia kutulia. Nyuma ya majeshi akaja Mwene Lugendo wa ukoo wa Watengule, mtawala wetu wa asili, aliyekuwa amejihifadhi miaka yote hiyo katika hoteli ng'ambo. Akaja na kiti chake cha enzi, na wapishi wake, na kaulimbiu iliyochapwa kwenye khanga tulizogawiwa bure: KILA KITU MAHALI PAKE.

Ili isionekane kwamba nchi ina mawazo ya aina moja, viliundwa vyama viwili. Wahafidhina walitaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Waliberali walipinga vikali. Wao walitaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, lakini baada ya majadiliano. Kiongozi wao, Wakili Mnyampala, alikuwa na miwani ya dhahabu na huruma nyingi, na alipozungumza juu ya uhuru machozi yalimlenga. Vyama hivi viligombana Barazani asubuhi mpaka meza zikatikisika, halafu mchana vikala sahani moja.

*

Aliyeirudisha amani kwa mikono yake ni mdogo wake Mwene, Mheshimiwa Mshangama wa Tengule, Waziri wa Utulivu. Alikuwa na tumbo la heshima, mguu mmoja mzito, na kifua kilichojaa nishani alizojitunuku kwa vita alivyovisikiliza redioni akiwa hotelini.

Mshangama alitangaza Siku ya Usafi. Kila aliyewahi kuitumikia serikali ya Mapinduzi, isipokuwa sisi wapiga makofi, alitakiwa kufika uwanja wa gwaride, akiwa na mali yoyote ya Mapinduzi aliyonayo, airudishe, asamehewe, aende zake. Watu walishukuru. Walikwenda na majembe, na bendera, na mashine za taipu, mmoja akaenda na ng'ombe wa ushirika.

Siwatu siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Mwanawe, Chande, akamwambia alale tu, yeye atampelekea na vitu vyake, muhuri wa uenyekiti na kitambaa cha mkononi. Chande alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya Mapinduzi. Siasa hakuijua. Alijua wimbo mmoja tu, wa Mapinduzi, kwa sababu ndio pekee aliofundishwa, na aliupiga vizuri mpaka hata wapinzani walitikisa vichwa. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha mtaani: akimaliza kupiga, hukichomoa kidomo, kile kipande cha shaba cha kutilia midomo, hukifuta kwenye mkono wa shati, akakitia mfuko wa kifuani. Alisema tarumbeta lisilo na kidomo haliibiki, maana mwizi atalifanyia nini.

Hakurudi. Wala wenzake waliokwenda siku ile hawakurudi. Sisemi waliuawa, Mungu aniepushe. Taarifa ya serikali ilisema wamekwenda safari ya kikazi, na haikusema wapi. Wiki ileile, pembeni ya uwanja wa gwaride, Wizara ilijenga Bustani ya Utulivu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika ujenzi wa shule wala kisima. Ilikuwa na nyasi nene za kijani na jukwaa la saruji la wageni rasmi. Mshangama aliipenda sana bustani hiyo. Alisema akifa azikwe katikati yake, asikie nyasi zikikua.

Homa ilipomwachia, Siwatu alianza kuuliza. Wizarani wakamshangaa. Kwa hesabu zao yeye alikuwa ameshasafishwa, kwa kuwa vitu vyake vilipokelewa, na mtu aliyekwisha safishwa hana la kuuliza. Kisha siku moja bendi ya ikulu ikapita barabarani, na katikati ya ngoma ikasikika sauti ya mbuzi mwenye mafua. Siwatu akasimama mlangoni na upawa mkononi. Akasema tarumbeta lile ni la mwanawe, mbonyeo wake anaujua, lakini kidomo walichokitia si chake.

Akaenda siku ya baraza, akasimama mbele ya Mshangama, mbele yetu sote. Hakupiga kelele. Alisema anataka kuoneshwa mwanawe alipolala, amlaze kama watu wanavyolazwa, basi, hana jingine. Mshangama akamtazama kama mtu anayetazama chawa kwenye shuka ya hoteli.

"Utulivu, mama, ni nyumba yenye mlango mmoja," alimjibu. "Ukiufungua hata upenyo, hautafungika tena. Nenda kapike."

Wakili Mnyampala alisimama kumtetea. Alisema Waliberali wanajivunia kwamba katika nchi yetu haki ya kuuliza imerejeshwa yote. Haki ya kujibiwa, akasema huku machozi yakimlenga, bado inajadiliwa.

Nikapiga makofi. Ndiyo kazi yangu. Ila usiku ule mikono iliniwasha, na sitadanganya, nilimwombea yule mwenye tumbo jambo baya.

*

Sasa nifike kwenye Sheria ya Kurejesha Mila, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Watengule hawakuwa na haki yoyote ya kututawala isipokuwa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mazao ya kwanza tuliwapelekea kwa mila. Tulipiga magoti kwa mila. Ng'ombe wetu walihamia zizini kwao kwa mila. Mshangama, ambaye hakuwa mjinga, aliona kwamba wananchi wakiachiwa kuhoji mila moja, watahoji na ya pili. Akaiandika sheria mwenyewe: mila zote za kale zinarudi, bila kubagua, na yeyote atakayeizuia hata moja, bila kujali cheo, atafungwa maisha. Juu yake aliweka methali, Mwacha mila ni mtumwa. Waliberali waliomba liongezwe neno "tafadhali", likaongezwa.

Kabla haijapitishwa, ilibidi mila zenyewe zisomwe Barazani moja moja. Alitafutwa bwana mmoja mkongwe wa ikulu aliyezihifadhi kichwani, akazikariri kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Wahafidhina wakalala. Waliberali walilala wakiwa wamefumbua macho. Mwene alilala, Mshangama alikoroma. Waliobaki macho walikuwa watu wawili tu: mimi, kwa sababu mpiga makofi akisinzia anapoteza kazi, na Siwatu, aliyeketi nyuma kabisa kwenye benchi la wananchi na hakupepesa hata mara moja.

Basi tulisikia sisi wawili. Tulisikia kwamba mgongo wa Mtengule akiwa mezani hauguswi na mtu asiye wa ukoo. Tulisikia kwamba kaburi la Mtengule likishachimbwa, jua lisizame mwenyewe akiwa nje. Likizama, kiti cha enzi kinakuwa wazi, na maiti inakuwa ya watani, watajua wao pa kuilaza. Tena tukasikia habari za watani hao.

Watani wa Watengule ni Wasonge. Ilikuwa hivi: zamani za vita, Mtengule wa kwanza alikimbia mapigano, na Wasonge wakamkuta amejificha katika banda lao la kuku, manyoya yamemjaa kichwani. Hawakumuua, walicheka mno. Tangu siku hiyo Msonge ana ruhusa ya kumwita Mtengule kuku, kumwigiza, kumnyang'anya kofia, na kwenye msiba wake kuingia kaburini na kulala. Akishalala haondolewi kwa mkono. Anaondoka akipewa anachotaka, na anataka kitu kimoja tu. Kwa kawaida huwa mbuzi.

Mkongwe alipomaliza, nilipiga makofi wakaamka, na sheria ikapita kwa kauli moja. Nilipogeuka nyuma, yule mwanamke aliyemtoza shangazi yake jogoo na kuupiga marufuku utani alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la kicheko.

*

Mshangama alikufa mezani. Ilikuwa karamu ya kuadhimisha Utulivu, na kwa mila iliyorejeshwa firigisi za kuku wote zilikuwa zake peke yake. Alikuwa akitoa hotuba huku akitafuna. Alifika kwenye maneno "maadui zetu wamekwisha", firigisi ikakwama.

Daktari alikuwa kiti cha tatu. Aliruka kwenda kumpiga mgongoni, mkono ukiwa hewani akakumbushwa na Wahafidhina, ambao sasa walikuwa na mila zimechapwa mfukoni, kwamba mgongo wa Mtengule mezani hauguswi na mtu asiye wa ukoo, kifungo cha maisha. Mwene alikuwa wa ukoo, lakini alikuwa msalani. Wakili Mnyampala akasimama, akasema Waliberali daima wameamini katika uhuru wa kupumua, na akapendekeza iundwe kamati ndogo itakayoeleza mgongo unaanzia wapi. Mshangama alikuwa amegeuka rangi ya biringanya na anapiga meza kwa viganja. Mimi na wenzangu tulidhani anaomba makofi. Tukampa.

Nitasema nilichokihisi, maana wengine wataficha. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya, kisha haya ikaisha, furaha ikabaki. Watu husema malipo ni hapahapa duniani, lakini ni nadra mtu kuyaona yakiletwa kwenye sahani.

Walimwekea barafu siku kadhaa mpaka mabalozi wafike. Nchi zilizotukopesha majeshi zilitaka kuona kama utaratibu umerudi kweli, kwa hiyo mazishi yalipangwa yawe ya mila tupu, hatua kwa hatua. Kaburi lilichimbwa asubuhi ya siku yenyewe katikati ya Bustani ya Utulivu, likajengewa kwa vigae vyeupe kama bafu la hoteli, kwa kumbukumbu ya alikopenda kukaa. Wageni wakaketi kwenye jukwaa la saruji. Jeneza likaletwa alasiri, na tarumbeta la Chande likalia kimbuzimbuzi mbele yake.

Hapo ndipo alipotokea Siwatu.

Alikuwa amevaa koti la kiume, tumboni amejitia mto, kifuani nishani za vizibo vya soda. Anaburuta mguu mmoja. Nyuma yake Wasonge wote wa mji, wake kwa waume, wanakokoreka kama kuku. Walinzi wakatazamana. Mwanamke akapita katikati yao, akasimama ukingoni mwa kaburi, akatoa sauti ya marehemu mwenyewe, ileile ya puani.

"Wananchi, nimekufa. Naomba utulivu."

Umati ulicheka. Hata mjane mkubwa wa marehemu alijifunika ushungi mabega yakitikisika. Mabalozi wakaelezwa kuwa hiyo ni mila, wakaandika. Siwatu akashuka kaburini kwa kukalia ukingo kwanza, kwa sababu ya mto, kisha akajilaza chali juu ya vigae na kukunja mikono kifuani.

Mwene Lugendo alisogea mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye subira na saa.

"Mtani wetu, tumekuona, tumecheka," alisema. "Utapewa mbuzi. Inuka."

"Mbuzi nitamtafuna na meno yapi, kuku wangu? Nimezeeka kwa kusubiri."

"Ng'ombe, basi."

"Ng'ombe mlionao ni wetu. Mwenye nacho hapewi."

Wasonge wakakokoreka. Wakili Mnyampala akaja mbio akiinama ukingoni, akamwambia kwa sauti laini kwamba Waliberali wako tayari kumpa kiti katika Kamati ya Maswali.

"Nimeshalala, wakili. Kiti cha nini?"

Kisha akaiacha ile sauti ya puani, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya king'ora, ikatoka ndani ya ardhi ikafika mpaka barabarani. "Kitu changu ni kimoja, na ni kilekile. Nionesheni alipolala Chande."

Kicheko kilikatika.

*

Mwene alimwita Kapteni Ngwilizi, kamanda wa kikosi cha Utulivu, akamwamuru amtoe yule mwanamke. Kapteni alikuwa jitu la miraba minne, na Siku ya Usafi ndiye aliyesimama langoni akiwapokea watu. Alisogea hatua moja akasimama. Akasema kwa adabu kwamba sheria aliyoiandika marehemu inamfunga maisha anayemgusa mtani kaburini, bila kujali cheo, na yeye ana watoto wadogo. Akaomba Mtukufu Mwene amguse mwenyewe.

Mwene akawatazama Wahafidhina. Kiongozi wao akamnong'oneza, nami nilikuwa nyuma yake, kwamba mila moja ikivunjwa leo mbele ya umati, kesho watauliza kwa nini wapige magoti, na mavuno ndiyo hayo yanakaribia. Akawatazama Waliberali. Wakili Mnyampala akasema wao wamegawanyika sawasawa. Akawatazama mabalozi, nao wakalitazama jua.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la Wizara. Kivuli cha jeneza kilirefuka kikafika miguuni mwa Mwene, akarudi nyuma kidogo. Mle kaburini Siwatu alikuwa amefumba macho, na mtu aliyekuwa akimchungulia alimwona anatetemeka, maana vigae vile vilikuwa baridi na mto ulikuwa tumboni, si mgongoni.

"Ngwilizi," alisema Mwene hatimaye. "Mwambie. Hata kama ni mbali, mwambie tu."

Kapteni akaangalia buti zake. Kisha akageuka, si upande wa kaburi, upande wa jukwaa.

"Mtukufu," alisema, "kwanza wageni wasimame."

"Wasimame kwa nini?"

"Wamewakalia."

Sijawahi kuona mabalozi wakiinuka kwa kasi ile. Mmoja alijipangusa suruali nyuma, akajipangusa tena, akaendelea kujipangusa mpaka mwenzake akamshika mkono. Nami nikayatazama miguuni mwangu majani yale mazuri, mazito, ya kijani kuliko majani yote ya nchi yetu, nikajua nimekuwa nikipigia makofi juu ya nini.

Mwene aliinama kaburini. Alisema kwa haraka kwamba sasa mtani ameambiwa, kwa hiyo atoke, jua hilo linakwenda.

"Nilisema nionesheni," Siwatu akajibu bila kufumbua macho. "Sikusema niambieni. Chimbeni."

Wakachimba. Walianza askari, mawaziri nao wakaitwa, kwa kuwa muda ulikuwa mdogo na sururu zilikuwapo za ujenzi wa kaburi. Mhafidhina mkuu alivua joho akavunja saruji kwa nyundo. Waliberali walitaka kwanza wakubaliane waanzie upande gani. Mwene mwenyewe, ambaye mikono yake ilikuwa haijashika kitu kizito kuliko kijiko, alibeba vifusi kwenye kilemba chake. Wasonge walikaa kando wakila karanga na kuwaambia kuku waparue vizuri. Nani angewazuia? Ilikuwa mila. Marehemu aliwangoja juani, ndani ya jeneza lake la mninga, na barafu imeanza kuvuja.

Jua lilizama wakiwa magotini ndani ya shimo. Wakili Mnyampala alisimama juu ya kifusi akaomba ipigwe kura kuamua kama limezama kweli au limejificha nyuma ya wingu. Hoja ilipata kura yake mwenyewe. Hapo hapakuwa tena na sababu ya haraka, na ningedhani wakubwa wataacha kuchimba. Lakini umati ulikuwa umeshalizunguka lile shimo, kina mama wa wale wengine wa safari ya kikazi, na hakuna mkubwa aliyethubutu kuitua sururu.

Chande alikuwa wa pili kutoka pembeni. Shati lilikuwa limeoza mabegani lakini mfuko wa kifuani ulikuwa mzima, na ndani yake kilikuwamo kidomo. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Kapteni Ngwilizi ndiye aliyekitoa, akakipeleka kaburini kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kiganja cha yule mwanamke.

Siwatu alikaa. Alikifuta kidomo kwenye mkono wa lile koti, akakitazama, akakifuta tena. Alilia, na Wasonge wakaacha kutafuna. Halafu akatoka mle kaburini peke yake, hakumpa mtu mkono, akavua mto na vizibo vyake akavitupa.

"Kaburi liko tayari," alisema. "Lina na vigae."

*

Asubuhi yake tulimzika Chande palepale katikati ya Bustani, kwa heshima zote zilizokuwa zimeandaliwa, kwani zingeharibika. Siwatu alilichukua tarumbeta kwa mpigaji wa ikulu, akakitia kidomo mahali pake, akalilaza kando ya mwanawe. Hakutaka lipulizwe. Kina mama wengine walichimba wiki nzima, na kila mmoja alimpata wake, au kilichobaki. Sikupiga makofi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwene Lugendo, kwa kuwa kiti kilikuwa wazi kwa mila, alirudi ng'ambo kwenye hoteli yake, ambako nasikia chumba chake walikuwa hawajakisafisha hata kidogo. Wahafidhina wanamngojea. Waliberali wameunda kamati ya kukijadili kile kiti, na wamekizungushia kamba ili asikikalie mtu kabla ya majadiliano. Kapteni Ngwilizi kafungwa maisha, si kwa lile la uwanjani, ambalo bado linajadiliwa, bali kwa kukanyaga majani ya Bustani.

Akabaki Mshangama. Sheria yake ilikuwa wazi kama jua lililozama: maiti ni ya watani. Wasonge walikaa kikao kifupi. Vijana walipendekeza jalalani, wazee wakakataa, wakasema sisi si watu wa kubuni mambo mapya, wakati huu ni wa kurejesha. Mtengule wa kwanza tulimtoa wapi? Walimbeba bila tarumbeta, wakapita naye sokoni ili kila mtu amuone, na jeneza la mninga wakaligawa kwa seremala akatengeneza vitanda. Walimzika kwa Siwatu, uani, ndani ya banda la kuku, wakapigilia juu ya mlango ile khanga ya bure: KILA KITU MAHALI PAKE.

Nakaa jirani, kwa hiyo namuona. Kila asubuhi Siwatu hutoka na bakuli la pumba. Majirani humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, hatozi mtu kitu. Huingia bandani, akamwaga pumba zote sehemu moja, katikati. Kisha husimama mlangoni mikono kiunoni, akiwatazama kuku wakiparua.